Uvimbe wa Taya: Ugonjwa Uliojulikana kwa Kuuliza na Kuandika

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi makarani twaipenda sana methali hii, maana yaipa heshima kazi ambayo watu wengi huidhani kuwa ni ya kukaa kitini na kuchafua vidole kwa wino. Lakini Bwana Mwenyekiti aliponiagiza niandike habari ya historia kwa ajili ya taarifa yetu ya mwaka huu, niliona ya kuwa methali hiyo yafaa pia kwa jambo lililo kubwa kuliko mali, yaani maisha ya watoto. Uko ugonjwa mmoja ulioua watoto wa Afrika ya Mashariki kwa miaka mingi pasipo kuwa na jina. Haukukosa jina kwa kuwa madaktari hawakuuona. Waliuona mara nyingi, na wakauandika. Lakini kila mmoja aliandika kipande chake, na hapakuwa na mtu wa kuviweka vipande hivyo pamoja.

Ugonjwa huo leo huitwa limfoma ya Burkitt, nao ni kansa, au kama wengine wasemavyo, saratani. Nimeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, wengi wetu twatoka katika nchi zilizo karibu na Ziwa Victoria, na huko ugonjwa huu huonekana zaidi kuliko katika nyanda za juu za Kenya. Pili, haukutambuliwa kwanza Ulaya wala Marekani, bali kwa jirani zetu wa Uganda, na Nairobi nayo ilikuwa na sehemu yake katika kuutafutia dawa. Sababu ya tatu nitaieleza mwishoni, kwa kuwa yatuhusu sisi wanachama wenyewe, na hasa yanihusu mimi.

UGONJWA WENYEWE

Katika nchi zetu ugonjwa huu huwapata watoto, zaidi wale wa umri wa miaka minne hadi tisa, na wavulana kuliko wasichana. Aghalabu dalili ya kwanza ni meno kulegea pasipo wakati wake. Kisha taya huvimba, la juu au la chini, na pengine yote mawili. Uvimbe ukiwa katika taya la juu huweza kulisukuma jicho likatokeza nje. Kwa watoto wengine uvimbe huwa tumboni, katika figo, au ini, au viungo vya uzazi vya msichana. Na wengine hupoteza nguvu za miguu kwa sababu ugonjwa umebana uti wa mgongo.

Jambo la kuogofya ni mbio zake. Kansa nyingi hukua polepole kwa miezi au miaka. Hii huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Mtoto aliyekuwa akicheza mpira mwanzo wa mwezi aweza kuwa hawezi kufumba kinywa mwezi usijaisha. Kwa hiyo watu wa zamani waliouona hawakupata nafasi ya kuuchunguza. Uliingia nyumbani, ukaua, ukaondoka, na wazee wakatafuta aliyeroga. Napenda kusema wazi kwamba haurogwi, wala mtu hauambukizwi kwa kumbeba mtoto mgonjwa au kula naye sahani moja.

WATOTO WAWILI, MWAKA WA 1957

Dakta Denis Burkitt alizaliwa Ireland mwaka wa 1911. Alipokuwa mvulana wa miaka kumi na mmoja alipatwa na ajali, akapoteza jicho moja. Hata hivyo alisoma udaktari mjini Dublin, akawa daktari wa upasuaji. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi, na baada ya vita, katika mwaka wa 1946, alikuja Uganda kufanya kazi ya Serikali. Kwanza alikaa Lira, kisha akahamishiwa Hospitali ya Mulago mjini Kampala.

Siku moja katika mwaka wa 1957 mwenziwe, Dakta Hugh Trowell, alimwita aje kumtazama mtoto wa miaka mitano. Uso wa mtoto yule ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu kulia na kushoto, na taya la chini kulia na kushoto. Burkitt alishangaa. Kama ni jipu la jino, huanza mahali pamoja. Kama ni kansa, nayo pia kwa kawaida huanza mahali pamoja. Vipi basi iwe mahali panne kwa wakati mmoja? Hakuwa na jibu, wala hakuwa na dawa.

Wiki chache baadaye alikwenda kuzuru hospitali ya Jinja. Alipokuwa akifanya kazi yake alitupa macho dirishani, akamwona mtoto mwingine ameketi majanini pamoja na mama yake, na uso wake umevimba vilevile. Burkitt aliacha alilokuwa akilifanya, akatoka nje. Alipompima mtoto yule hakuishia usoni, bali alimpapasa tumboni pia, na huko akakuta uvimbe mwingine. Baadaye alieleza ya kuwa jambo lililotokea mara moja laweza kuwa ajabu tu, bali likitokea mara mbili lataka kuulizwa.

MADAFTARI YA HOSPITALI

Hatua iliyofuata haikuwa ya kisu wala ya dawa, bali ni ya karani. Burkitt alirudi Mulago akayafungua madaftari na majalada ya wagonjwa wa zamani. Huko alikuta watoto wengi walioandikwa kuwa na kansa ya taya. Tena alikuta wengine walioandikwa kuwa na kansa ya figo, au ya ini, au ya tumbo. Alipozilinganisha habari hizo aliona ya kuwa mara nyingi mtoto mwenye uvimbe wa taya alikuwa na uvimbe mahali pengine pia. Yaani yale yaliyoandikwa kama magonjwa mengi mbalimbali yalikuwa ugonjwa mmoja.

Hapa yatupasa kuwakumbuka watu waliotangulia. Dakta Albert Cook, mmisionari aliyefika Uganda mwaka wa 1897 na kuanzisha Hospitali ya Mengo, alikuwa na desturi ya kuandika habari za kila mgonjwa kwa uangalifu. Miaka mingi baadaye Dakta J. N. P. Davies, aliyekuwa mtaalamu wa kupima nyama za wagonjwa huko Kampala, alizipitia karatasi hizo za Mengo pamoja na wenzake, na uvimbe wa taya wa watoto ulikuwa umo humo. Ugonjwa haukuwa mgeni. Davies huyohuyo ndiye aliyesaidia kuanzisha daftari la kuandikisha wagonjwa wote wa kansa mjini Kampala katika mwaka wa 1951. Hatujui majina ya makarani na wauguzi walioandika mistari ile mmoja mmoja, usiku na mchana, bila kujua italeta faida gani. Lakini bila mistari yao Burkitt asingalikuwa na kitu cha kusoma.

Mwaka wa 1958 Burkitt alitangaza habari za watoto 38 katika gazeti la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Wakati huo watu wachache sana waliijali habari ile. Baada ya hapo Davies na Dakta Gregory O'Conor, Mmarekani aliyekuwa Mulago, walizitazama nyama za wagonjwa kwa darubini, wakathibitisha kwamba uvimbe wote huo ni wa aina moja, yaani limfoma, kansa ya chembe zile zinazoulinda mwili dhidi ya magonjwa.

KARATASI NA MOTOKAA

Sasa Burkitt aliuliza swali la pili: ugonjwa huu uko wapi, na wapi haupo? Msaada wa kwanza wa fedha aliopewa ulikuwa pauni 25 tu. Kwa fedha kidogo kama hizo alichapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa, akazipeleka kwa hospitali za Serikali na za misioni katika nchi nyingi za Afrika, akiuliza, "Je, mmeuona ugonjwa huu kwenu?" Majibu yalipofika aliyatia alama katika ramani ofisini mwake. Wengine walijibu ndiyo, wengine walijibu la, na jibu la "la" lilikuwa na faida sawasawa na la "ndiyo", kwa kuwa ramani haionyeshi mpaka bila ya pande zote mbili.

Ramani ile ilionyesha ugonjwa umeenea kama mshipi katikati ya Afrika. Lakini mpaka wa kusini ulikuwa haujajulikana vema. Basi katika mwezi wa Oktoba 1961 Burkitt alifunga safari pamoja na madaktari wawili wa misioni, Dakta Ted Williams wa Kuluva, katika wilaya ya West Nile, na Dakta Cliff Nelson. Walinunua motokaa ya Ford iliyokwisha kutumika, ya mwaka wa 1954, kwa pauni 250. Williams alikuwa hodari wa kutengeneza magari, na hilo lilikuwa bahati njema. Walikwenda muda wa wiki kumi, maili zipatazo 10,000, wakapita Tanganyika, Nyasaland ambayo leo ni Malawi, Rhodesia, Msumbiji, hata Afrika ya Kusini, na kurudi. Walizuru hospitali zipatazo 60, na gharama ya safari yote ilikuwa pauni 678.

Kila walipofika waliuliza lile lile, wakionyesha picha. Wakaona jambo la ajabu. Karibu na ikweta ugonjwa ulikoma kwenye mahali palipoinuka kupita futi 5,000 hivi. Kadiri walivyokwenda kusini, ulikoma kwenye mahali pa chini zaidi, na katika Msumbiji ulikuwako katika nchi tambarare ya pwani. Mara ya kwanza walidhani kwamba kinachouzuia ni urefu wa nchi kutoka baharini. Dakta Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya Entebbe iliyochunguza virusi, aliwaonyesha ya kuwa si urefu bali ni baridi. Ugonjwa haukupatikana mahali ambapo baridi hushuka sana katika majira fulani ya mwaka, wala mahali penye mvua haba. Na hayo ndiyo masharti ya maisha ya mbu.

UKUNGU WA LONDON

Kabla ya safari ile, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa amealikwa kutoa hotuba katika Hospitali ya Middlesex mjini London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwako kijana mtaalamu aitwaye Anthony Epstein, ambaye alikuwa akichunguza kirusi kinacholeta kansa kwa kuku. Aliposikia ya kwamba iko kansa ya watoto inayofuata joto na mvua, akawaza mara moja kuwa labda iko mbegu ya maambukizo ndani yake. Wakapatana kwamba vipande vya nyama vilivyotolewa kwa wagonjwa wa Kampala vipelekwe London kwa ndege.

Kwa muda wa zaidi ya miaka miwili Epstein hakupata kitu. Kisha tarehe 5 Desemba 1963 ndege iliyochukua kipande kimoja ilizuiwa na ukungu isiweze kutua London, ikaenda kutua Manchester. Kipande kilichelewa kufika, na maji yaliyokihifadhi yalikuwa yamekuwa na utusitusi. Mtu mwingine angaliyamwaga, akidhani yameoza. Epstein alitia tone chini ya darubini, akaona chembe za kansa zikielea, nazo zi hai. Kwa njia hiyo yeye na msaidizi wake Yvonne Barr waliweza kuzikuza chembe zile katika chupa. Katika Februari 1964 Epstein alizitazama kwa darubini ya elektroni akaona virusi ndani yake. Habari hiyo ilitangazwa katika gazeti la The Lancet la tarehe 28 Machi 1964, kwa majina ya Epstein, Bert Achong aliyetoka Trinidad, na Barr. Hiki kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuwa chahusiana na kansa ya wanadamu, nacho huitwa kirusi cha Epstein-Barr.

Walakini mambo hayakuishia hapo. Ilionekana ya kuwa karibu watu wazima wote wa dunia, zaidi ya 90 katika kila 100, wamekwisha kuingiwa na kirusi hiki, kwa kuwa hupita katika mate, na walio wengi hakiwadhuru. Mbona basi watoto wa pembeni mwa Ziwa wafe, na wa London wasife? Watu wa taasisi ya kimataifa ya kuchunguza kansa walikwenda West Nile miaka ya 1970, wakachukua damu ya watoto wapatao 42,000, wakangoja kuona ni nani atakayeugua. Matokeo yaliyotangazwa mwaka wa 1978 yalionyesha kwamba wale walioupata ugonjwa walikuwa na dalili nyingi za kirusi katika damu yao muda mrefu kabla ya uvimbe kutokea.

Wataalamu wa leo huona ya kuwa mshirika wa kirusi hiki ni malaria. Mtoto apatapo malaria mara kwa mara, chembe zilezile zinazoulinda mwili husukumwa kuongezeka bila kupumzika, na uwezo wa mwili wa kukizuia kirusi hupungua. Katika kuongezeka huko huweza kutokea kosa, kipande cha uzi mmoja wa urithi kikakatika na kushikamana na uzi mwingine, na chembe ile ikasahau kuacha kuzaa. Kosa hilo lilitambuliwa na wataalamu katika Sweden miaka ya 1970. Hivyo mbu ambaye Haddow alimkisia alikuwa na hatia kweli, ijapokuwa si kwa kuleta kirusi, bali kwa kuleta malaria.

DAWA, NA SEHEMU YA NAIROBI

Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji, lakini aliona upesi ya kuwa kisu hakiwezi kuuponya ugonjwa huu. Ukikata taya, uvimbe wa tumbo wabaki. Mashine ya miale ya kuchoma kansa haikuwako Kampala wakati huo. Kukosa huko kulileta baraka. Dakta Joseph Burchenal wa New York na wenzake walileta dawa mpya za kansa, kama methotreksati, nazo zikajaribiwa Kampala na Nairobi. Baadaye siklofosfamidi ilionekana kuwa na nguvu zaidi. Mtoto ambaye uso wake ulikuwa haujulikani alipewa sindano, na baada ya siku chache uvimbe ukaanza kuyeyuka kama mafuta karibu na moto.

Nairobi aliyekuwa akifanya kazi hiyo ni Dakta Peter Clifford, katika hospitali ambayo leo ni Hospitali Kuu ya Kenyatta. Aliwatibu watoto, tena alipeleka vipande vya nyama na damu kwa Profesa George Klein huko Stockholm. Yapasa tujue kwamba sehemu kubwa ya elimu ya kansa ambayo dunia yote yaitumia ilitoka kwa watoto wa Uganda na Kenya, na kwa wazazi waliokubali watoto wao wapimwe.

Katika mwaka wa 1967 ilifunguliwa Mulago nyumba maalumu ya kuwatibu wagonjwa hao, chini ya Dakta John Ziegler, Mmarekani. Hiyo ndiyo iliyokuja kuwa Taasisi ya Kansa ya Uganda. Wageni walipoondoka nchini katika miaka ya taabu ya utawala wa Amin, Dakta Charles Olweny, Mganda, alishika uongozi, na kazi haikufa. Burkitt mwenyewe aliondoka Uganda mwaka wa 1966, akafariki mwaka wa 1993. Epstein alifariki mwaka wa 2024.

Mwaka huohuo wa 1967 Burkitt aliandika juu ya watoto waliopewa dawa mara moja au mbili tu, wakachukuliwa nyumbani na wazazi wao, na baada ya miaka wakakutwa wazima. Habari hiyo ni ya furaha, lakini ina mtego. Watu waliisikia wakasema, "Kumbe sindano moja yatosha." Haitoshi. Waliopona hivyo walikuwa na bahati. Wengi wengine uvimbe uliwarudia, pengine katika ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo dawa hufika kwa shida. Katika nchi tajiri, ambako watoto hufika mapema na kumaliza dawa zote, zaidi ya watoto wanane katika kila kumi hupona. Katika nchi zetu wanaopona ni wachache zaidi. Ugonjwa ni ule ule na dawa zajulikana. Linalotofautiana ni siku ya kufika na idadi ya safari za kurudi.

JAMBO LINALOTUHUSU

Sasa naifikia sababu yangu ya tatu. Miaka michache iliyopita ndugu yetu mmoja mwanachama, ambaye simtaji jina, alileta barua kwangu nikiwa Katibu. Mpwa wake, mtoto wa miaka sita, alikuwa ameng'olewa meno mawili yaliyolegea, lakini taya liliendelea kuvimba. Alipofikishwa hospitali kubwa ugonjwa ulitambuliwa, akapewa dawa ya kwanza, na uso ukarudi kuwa uso wa mtoto. Familia ilimshukuru Mungu, ikarudi nyumbani. Mtoto alitakiwa kurudi baada ya wiki mbili kwa dawa ya pili. Baba yake hakuwa na nauli, na mjomba akaomba msaada wa chama.

Barua ile niliipokea, nikaipiga mhuri wa tarehe, nikaiandika katika daftari la barua zinazoingia, nikaitia katika jalada la maombi yanayongoja Kamati. Yote nilifanya kwa utaratibu. Mkutano wa kwanza wa Kamati haukutimiza idadi ya wajumbe kwa sababu ya mvua. Wa pili haukutimiza kwa sababu ya msiba. Katika mkutano wa tatu fedha zilitolewa bila mtu hata mmoja kupinga. Siku zilizopita zilikuwa thelathini na moja. Mtoto alipofika hospitali uvimbe ulikuwa umerudi, tena umeingia tumboni. Hakukaa sana, akafariki.

Sisemi kwamba angalipona kama fedha zingalitoka siku ile. Hilo daktari tu ndiye awezaye kulisema, na labda hata yeye hawezi. Lakini nimekwisha kueleza hapo juu jinsi uvimbe huu unavyoongezeka kwa siku mbili, nami sikulijua jambo hilo wakati barua ilipokuwa mezani pangu. Wala sikuuliza. Baada ya mazishi mjomba wa marehemu alikuja ofisini kutia sahihi ya kupokea fedha. Nilimfungulia jalada, akaiona barua yake imetunzwa, haina hata kunjo. Akaniambia kwa sauti ya upole, "Bwana Katibu, barua yetu uliihifadhi vizuri sana." Hakuongeza neno, wala mimi sikuwa na la kumjibu.

Tangu siku hiyo nimeifikiri upya methali yetu ya daftari. Daftari la Mengo na la Mulago yaliokoa watu kwa sababu alitokea mtu akayasoma na kutoka nje kwenda kuuliza. Karatasi za Burkitt zilifaa kwa sababu madaktari na wauguzi wa hospitali za mbali, wenye kazi nyingi kuliko sisi, walizijibu. Daftari lisilosomwa ni kabati tu, na jalada laweza kuwa kaburi.

Kwa hiyo kwa unyenyekevu naleta mbele ya Mkutano Mkuu mapendekezo matatu. La kwanza: kila mwanachama awafahamishe watu wa nyumbani kwamba mtoto mwenye meno yanayolegea kabla ya wakati, au taya, jicho au tumbo linalovimba, apelekwe hospitali juma lilo hilo, na kama jino limeng'olewa na uvimbe ukabaki, asikae nyumbani kungoja upoe. Mficha ugonjwa kifo humuumbua. La pili: mtoto aliyeanza dawa amalize dawa zote, hata kama uso umekuwa mzuri, na watoto wetu walale ndani ya chandarua kila usiku, maana malaria ndiyo mshirika wa adui huyu. La tatu: Katibu na Mweka Hazina wapewe ruhusa ya kutoa nauli ya mgonjwa wa kurudia matibabu siku ile ile ombi linapofika, kwa kuona karatasi ya hospitali yenye tarehe ya kurudi, kisha waitolee Kamati hesabu katika mkutano unaofuata.

Najua wako watakaosema ya kuwa pendekezo la tatu laweza kufungua mlango wa udanganyifu. Huenda. Fedha ikipotea tutaiona katika hesabu za mwaka, nasi tutaidai. Lakini safu ya kuandika mtoto aliyechelewa haimo katika kitabu chochote cha hesabu nilichopata kukishika, nami naomba tusiwe na haja ya kuichora.